Leseni Iliyomutaja Mama Mukwe Wangu

Kuna avoka, yaani wakili, wa Lusaka aliyepiga magoti kwenye muchanga wa Kabuta, suruali yake ya kazi imejaa magamba ya samaki, kwa sababu ya sentensi moja niliyoiandika mimi. Sikuwa nimelewa siku niliyoiandika. Nilikuwa nimeshiba na nimekasirika kidogo, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote ya kuandikia karatasi ya sheria. Sasa kwa kuwa ninyi vijana munaojifunza kompyuta kambini Mantapala mumeniomba niwaandikie juu ya kazi yangu, nitaanzia hapo, kabla hamujasikia habari hii kwa watu wengine na kuongezewa chumvi. Haihitaji kuongezewa.

Mimi ni Ilunga. Nilizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, kwa Wakongomani, nikavuka nikiwa kijana, nikaoa Kabuta, na nikafanya kazi Nchelenge, kwenye duka la kuchapa, mpaka macho yalipochoka. Nilianza na mashini za kupiga chapa, zile za kugonga kwa vidole viwili, nikamaliza na kompyuta. Hapa waliniita ba Ilunga, maana Wabemba huweka "ba" mbele ya jina la mutu wanayemuheshimu. Siku ambazo printa ilikula karatasi zao, waliniita Ilunga tu.

Leseni nilifundishwa na aibu. Zamani niliweka kila kompyuta programu za kuandikia ambazo nilipewa kwenye flash na mutu aliyepewa na mutu. Hakuna aliyeuliza. Basi familia moja ikaniletea kazi ya kadi za harusi, kadi nyingi, za karatasi ngumu yenye maua. Nikachapa asubuhi nzima nikipiga mluzi. Kumbe programu yenyewe ilikuwa imegundua kwamba hakuna aliyeinunua, na ikaamua kusema. Kwenye kila kadi, juu ya majina ya bwana na bibi arusi, kwa herufi za kijivu zilizolala upande, ikaandika: NAKALA YA MAJARIBIO. HAIKUSUDIWI KUTUMIKA KWA MUDA MUREFU.

Bibi arusi alicheka mpaka akakaa chini. Baba yake hakucheka. Pasta alihubiri juu ya maneno yale siku ya harusi, na mahubiri yenyewe, nasikia, yalikuwa mazuri. Mimi sikualikwa.

Ni baada ya hapo ndipo ba Chanda aliponishika. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamuke mufupi mwenye sauti ya kengele, na alikuwa shangazi wa bibi arusi. Alikuja dukani kwangu na kunionyesha programu huria, yaani programu ambazo aliyeziandika ameacha maandishi yake wazi, kila mutu ayasome, ayarekebishe, awape wengine, bila kuiba. Nikafurahi. Nikaanza kuzigawa. Ili nipate nafasi kwenye flash, nikawa nafuta lile faili dogo la leseni, maana nani analisoma?

"Umefuta nini?" akaniuliza.

"Maneno tu, mukwai," nikasema, kwa neno la heshima la Kibemba. "Programu iko muzima."

"Maneno hayo ndiyo ruhusa. Bila hayo, wewe ni mwizi tena, tofauti ni kwamba sasa umeiba kitu ulichopewa."

Akanisimamisha katikati ya duka, wateja wakiangalia, nikasoma leseni nzima kwa sauti, mpaka kile kipande cha mwisho cha herufi kubwa kinachosema kwamba mwandishi hahusiki mambo yakiharibika. Toka siku ile kila programu niliyoiweka niliisoma leseni yake kwa sauti, nimesimama. Fanyeni hivyo. Mukikaa mutasinzia.

Haya. Sasa tuje kwenye kosa langu kubwa.

Kuna kliniki moja, sitaitaja, ambako muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa Mubemba mwenye Kiswahili cha sokoni. Alijua bei, alijua aina za samaki, alijua "punguza." Akaja muzee mumoja Mukongomani, ameshika tumbo, akasema: "Tumbo inaniluma." Muuguzi alijua neno kuluma, yaani kuuma, kwa maana ya meno tu. Mbwa analuma. Nyoka analuma. Kwa hiyo akaanza kutafuta alama za meno. Akamuvua shati muzee wa watu, akamugeuza huku na huku, akamufunga kitambaa juu ya goti kwa hofu ya sumu, na kila muzee alipopiga kelele "inaluma!" yeye alikaza kitambaa.

Furaha, ambaye ni muuguzi pia, mutu wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, ndiye aliyeingia na kumufungua. Alikuja kwangu siku ileile, bado ana hasira. "Papa Ilunga, utafanya kitu. Siku ingine batamukata mutu muguu sababu ya tumbo."

Ndipo tukatengeneza programu tuliyoiita Inauma Wapi. Nilichukua programu huria ya kadi za maneno, ambayo leseni yake ilitaka kitu kimoja tu, jina la mwandishi wa kwanza libaki. Nikaibadilisha. Muuguzi anagusa sentensi kwa Kibemba, mugonjwa anaisoma au kuisikia kwa Kiswahili chetu au Kifaransa, na anajibu hivyohivyo. Sentensi zote za Kiswahili aliandika Furaha. Ilipokuwa tayari, ba Chanda akaniambia kwamba programu nayo lazima iwe na leseni yake, kwamba kuiweka mu intaneti bila leseni hakumupi mutu yeyote ruhusa ya kuitumia, hata kama kila mutu anaiona. Akaniambia nichague leseni moja kati ya zile zinazojulikana, ambazo wataalamu wa sheria wameshagombania kila neno.

Sikumusikiliza. Siku ile muke wangu, Mwape, alikuwa amerudi kutoka kwa mama yake Kabuta na malalamiko. Mama yake anaitwa Bana Mwape, yaani mama ya Mwape, na alikuwa amesema kwamba hakuna mutu anayekwenda kumusalimia. Mwape hakusema "wewe." Alisema "mutu." Alisema mara nne, tukiwa tunakula. Nikanyanyuka, nikaenda kwenye kompyuta, nikaandika leseni yangu mwenyewe:

"Kila mutu anaruhusiwa kutumia programu hii, kuinakili, kuibadilisha na kuigawa bure, kwa sharti moja. Kabla ya kuitumia, aende Kabuta kumusalimia mama mukwe wangu, Bana Mwape, kwa heshima inayomufaa."

Nikaona nimeandika kitu cha kuchekesha. Nikaiweka mu intaneti, nikalala usingizi muzuri.

Muda mrefu hakuna lililotokea. Mutu mumoja tu wa mbali aliniandikia: Kasongo, karani wa kanisa huko Puta, mutu anayesoma kila kitu polepole kwa kidole. Alikuta sentensi ambayo Furaha aliiandika kwa haraka: "Hapana, kunywa hii dawa na pombe." Kasongo akaondoa koma. Ikawa: "Hapana kunywa hii dawa na pombe." Hebu zisomeni zote mbili tena. Kuna watu wazima Puta ambao walikuwa wameanza kuipenda sana programu yetu kabla ya Kasongo. Nikaingiza sahihisho lake, nikamushukuru, nikasahau.

Kisha shirika moja linalosaidia kliniki za wakimbizi likataka kuiweka programu yetu kwenye tableti za kliniki zake zote. Furaha alicheza kwa furaha pale dukani. Tableti zilikuwa zimeshafika. Kilichobaki ni saini ya avoka wao wa Lusaka, binti mumoja anayeitwa Thandiwe. Akanipigia simu. Aliongea Kiingereza, mimi nawaeleza kwa lugha yetu.

"Bwana Ilunga, nimesoma leseni yako. Nina swali juu ya sharti. Heshima inayomufaa ni heshima ya namna gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Madame, ule ni muchezo tu."

"Umeandika wapi kwamba ni muchezo?"

"Sikuandika."

"Basi mbele yangu ni sharti. Shirika langu likitumia programu bila kutimiza sharti, limevunja haki ya mwandishi."

"Mwandishi ni mimi! Ninalifuta leo."

"Uliandika peke yako?"

Na hapo, vijana, nikaona shimo nililokuwa nimelichimba. Sentensi za Kiswahili zilikuwa za Furaha. Sahihisho lilikuwa la Kasongo. Kila mumoja alitoa kazi yake chini ya leseni ile, na kazi ya mutu inabaki kuwa yake. Siwezi kubadilisha leseni ya programu nzima bila wote kukubali. Ndiyo maana nawaambia: andikeni jina la kila anayewasaidia, na mujue anapatikana wapi, hata kama amewapa neno moja.

Furaha alikubali kabla sijamaliza kueleza. Nikampigia Kasongo.

"Hapana," akasema Kasongo.

"Kasongo, wewe umetoa koma moja tu."

"Sikutoa. Nilitosha." Kwetu kutosha ni kuondoa. "Kutosha iko kazi ngumu kuliko kutia."

"Sawa, uliitosha. Sasa tunataka tu ukubali tubadilishe ile leseni."

"Papa Ilunga, mimi nilisoma leseni yako kabla sijaitumia programu. Nikapanda kinga, baiskeli yangu, kutoka Puta mpaka Kabuta. Tairi ikapasuka mara mbili. Nikalala njiani kwa ndugu mu imani. Nikafika, nikamusalimia yule mama, akanipa samaki. Mimi nilienda! Ndio sasa ba shirika, benye magari, baseme kwao ni mbali?"

Katika dunia nzima mutu mumoja ndiye aliyetimiza leseni yangu, na nilikuwa namuomba akubali kwamba alipanda baiskeli bure.

Nikamueleza Thandiwe. Nilisikia akiandika. Kisha akauliza, taratibu, kama kukosekana kwa koma kunaweza kuwa mali ya mutu. Akasema angehitaji wiki kadhaa kulitafiti, na kwamba wakubwa wake hawana wiki kadhaa: kama hasaini kufikia mwisho wa wiki ile, tableti zitawekewa programu nyingine, ya Kiingereza peke yake. Furaha alikuwa amesimama kando yangu akisikia. Alinitazama tu, na nikamukumbuka yule muzee na kitambaa chake.

"Itakuwa rahisi zaidi kutimiza sharti," akasema avoka. "Shirika mbele ya sheria ni mutu mumoja. Mutu mumoja anasalimia mara moja. Nitamuwakilisha. Nitakuja."

Alikuja kwa gari refu jeupe, na faili. Mu faili mulikuwa karatasi ya kumupa yeye mamlaka ya kusalimia kwa niaba ya shirika, yenye muhuri, na karatasi nyingine aliyoiandaa mwenyewe: "Mimi, Bana Mwape, mukaaji wa Kabuta, nathibitisha kwamba nimesalimiwa kwa heshima inayonifaa." Chini, nafasi ya kidole gumba.

Tulikwenda mimi, yeye, Furaha na Mwape. Mimi sikufika mpaka nyumbani. Kwa Wabemba, mwanamume hamukaribii mama mukwe wake, hali chakula naye, hamutazami usoni, mpaka familia ya muke imufanyie karamu ya kumuingiza nyumbani. Mimi sikuwa nimeingizwa. Kwa hiyo nikajificha nyuma ya vitanda vya kukaushia chisense, samaki wadogo wa ziwa, katikati ya harufu na inzi, mahali ninapoweza kusikia.

Bana Mwape alikuwa amekaa kwenye mukeka, anachagua samaki. Thandiwe akamuendea akiwa amesimama wima, akanyoosha mukono kama mu biro, yaani ofisini, akasema "Muli shani?", yaani habari gani.

Bana Mwape akautazama mukono. Akaendelea kuchagua samaki. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuuzia samaki, ili Furaha na sisi wote tusikie: "Huyu anatafuta nani?"

Mwape akamueleza mama yake kwa Kibemba habari yote, programu, kliniki, leseni, karatasi. Ilichukua muda. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Kama nimeandikwa mu karatasi kwamba nisalimiwe na heshima, basi hii bado. Hii iko salamu ya kuuliza njia."

Thandiwe akafungua faili, akasoma sharti tena. Naapa, alilisoma kwa sauti, amesimama, na ba Chanda angempenda. Akauliza: "Nani anaamua kama heshima imetosha?"

"Anayesalimiwa," akasema Furaha haraka.

Basi avoka akamupa Mwape faili amushikie. Akavua viatu. Mwape akamuonyesha. Akapiga magoti juu ya muchanga na magamba, akainama, akapiga makofi taratibu ya mikono iliyokunjwa, akasema salamu ya heshima: "Mwapoleni mukwai." Alikosea mara ya kwanza. Bana Mwape akamuambia aseme tena. Akasema tena. Akaambiwa aulize habari za waliolala, za samaki, za muguu wa kushoto unaosumbua. Akauliza zote. Na katikati pale sauti yake ilibadilika. Haikuwa tena sauti ya mutu anayemaliza kazi. Alipouliza juu ya muguu alitaka kujua kweli.

"Kalumba," akaitikia Bana Mwape kwa Kibemba, "sasa nimesalimiwa." Akafuta kidole kwenye kitenge, wakakitia wino.

Mimi nyuma ya chisense nikapumua. Nikasikia Furaha akicheka kwa machozi. Kisha nikasikia mama mukwe wangu akisema, kidole kikiwa hewani:

"Ngojeni kwanza. Hii sheria inasema kila mutu mwenye kuitumia. Na ule aliyeiandika? Yeye haimukamati?"

Nikainama zaidi nyuma ya samaki.

Thandiwe akageuka polepole kuelekea vitanda vya samaki. Alikuwa anajua niko wapi muda wote. "Bwana Ilunga, wewe unaitumia programu?"

"Mimi ndio mwenyewe wayo!" nikajibu kutoka nyuma ya samaki.

"Sehemu yako ni yako. Lakini unatumia maneno ya Furaha na sahihisho la Kasongo, na wao walikupa kwa sharti hilohilo. Umemusalimia huyu mama?"

Nikafukuza inzi ambaye hakuwepo.

"Kwa sababu kama wewe mwenyewe umevunja leseni," akasema, na alionekana anasikitika kweli, "nakala uliyotupa ina kasoro. Sitaweza kusaini."

Niwaambie ukweli, maana nimekuwa muzee na hakuna wa kunifukuza kazi. Ile karamu ya kuniingiza walinipikia mara tatu. Mara ya kwanza nilisema printa imekwama. Mara ya pili nikasema printa imekwama. Mara ya tatu sikutuma hata neno. Nilikuwa nimemuchukua binti yake kumupeleka mjini nikiwa sina kitu, naongea Kibemba cha kuchekesha, na niliogopa kukaa mbele ya yule mama anitazame. Miaka ikaenda, aibu ikakua, na desturi ya kutokaribiana ikanipa pa kujificha. Sentensi ile ya leseni niliiita muchezo, lakini nilitaka dunia nzima iende Kabuta, ili mimi nisiende.

Nikatoka. Nilikuwa na magamba kwenye nywele. Nikapiga magoti mbali kidogo, macho chini, nikapiga makofi. "Mwapoleni mukwai, bamayo, mama yangu." Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mutoto aliyevunja sahani.

Nilimusikia akivuta pumzi.

"Mara tatu nilipika," akasema. "Mara tatu walikula watu wengine. Leo hakuna karamu. Kuko ugali na chisense tu."

"Inatosha, mama."

"Haitoshi. Lakini njoo ukae."

Nikakaa kwenye mukeka wake. Alinitazama usoni, na mimi nikamutazama, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, na niligundua kwamba Mwape amechukua macho kwake. Thandiwe alikuwa na karatasi ya ziada mu faili. Mutu muzuri wa sheria hatembei na nakala moja. Bana Mwape akatia kidole kwenye zote mbili, ya shirika na yangu. Avoka akasaini pale pale, juu ya paja, na Furaha akampigia simu muuguzi muwenzake na kupiga kelele ambazo wavuvi walizisikia.

Kasongo aliposikia kwamba nami nilipiga magoti, akakubali leseni ibadilishwe. Aliniambia niandike kwenye orodha ya wachangiaji, mbele ya jina lake: "Alitosha koma." Imeandikwa.

Nikachagua leseni inayojulikana, ile ba Chanda aliyonishauri toka mwanzo. Na kwa kuwa Bana Mwape alikuwa ametajwa mu ile ya zamani, niliona ni haki nimusomee ile mupya. Nikaenda Kabuta nikiwa na karatasi, nikasoma yote nikiwa nimesimama, nikimugeuzia kwa Kibemba, mpaka herufi kubwa za mwisho. Alisikiliza huku akishona wavu.

"Ni ndefu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi siko ndani."

"Hapana, mama. Haiko na jina la mutu wa kusalimia."

Akakata uzi kwa meno. "Sasa utakuwa unakuja sababu ya nini?"

"Nitakuja tu."

Akaniangalia, kisha akanisogezea upande mwingine wa wavu, ule uliochanika zaidi, na sindano.